Uliza Mjomba: Kiwanda kimehamia ng'ambo, sisi je?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, viwanda kufunga laini za kutengeneza bidhaa hapa na kuanza kuleta bidhaa zilezile kutoka nje, kwa hivyo ukurasa wote nimeupatia hilo. Majina ya waliouliza na ya kampuni zao nimeyaacha nje, wengine bado wako kazini na sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu ya kuuliza swali.

SWALI: Mjomba habari yako. Mimi ni baba wa watoto 3, nakaa Kaptembwo, nimefanya kazi kwa kiwanda kimoja hapa Nakuru miaka 17 na miezi kadhaa, niko upande wa mashini. Juzi wakatuita wote wakatuambia bidhaa sasa itakuwa inatengenezwa Misri inaletwa hapa ikiwa tayari, hapa patabaki stoo na watu wa mauzo tu. Saa hii wanatuita mmoja mmoja tusaini karatasi inasema tumekubali kuondoka kwa hiari na tutapewa 150,000. Mshahara wangu ni 34,000. Sasa shemeji yangu ako Ohio kule Marekani, 2016 kiwanda chao cha vipuri vya magari kilihamishwa Mexico na serikali ikamlipia kusoma ufundi wa mitambo ya baridi na ikawa inampa pesa kila wiki akiwa darasani. Hiyo kitu iko Kenya kweli? Na hii karatasi nisaini? – Baba wa Watatu, Kaptembwo

JIBU: Usisaini. Nalitanguliza hilo juu mengine yote yanaweza kungoja lakini hiyo karatasi haiwezi, manake ukishaandika kwamba uliondoka kwa hiari yako na umelipwa umeridhika, kesho ukienda kulalamika utaonyeshwa sahihi yako, na mahakama zetu zimeshawaambia watu zaidi ya mara moja kwamba walichosaini bila kulazimishwa kinawafunga. Waambie kwa heshima kabisa, naomba nakala niende nayo nyumbani niisome. Hakuna sheria inayokulazimisha kuijibu siku hiyohiyo.

Hicho wanachofanya kina jina, redundansi, na kina sheria yake. Kazi yako imeondolewa bila kosa lako, kwa hivyo ni mambo ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu hicho kinasema ikiwa uko kwa yunioni, mwajiri lazima aandikie yunioni na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na ni watu wangapi wanaguswa, na kama hauko kwa yunioni anakuandikia wewe mwenyewe na afisa wa leba. Mahakama ya Rufani nayo imesema mwezi huo kazi yake ni mashauriano, mkae chini muone kama kuna njia nyingine, kwa hivyo kuwaita watu mmoja mmoja na kalamu mkononi sio mashauriano. Akichagua nani aende nani abaki lazima aangalie muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu. Halafu kuna pesa: siku zako za livu ambazo hukuchukua zilipwe, notisi ya mwezi mmoja ama mshahara wa mwezi badala yake, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Sasa tupige hesabu ya kwako. 34,000 ukigawa kwa siku 30 halafu mara 15 unapata 17,000 kwa mwaka, mara miaka 17 ni 289,000. Wako wanaogawa kwa siku 26 za kazi, hapo inakaribia 333,000. Ongeza 34,000 ya notisi, ongeza livu, na mshahara wa siku ulizofanya mwezi huu. Pesa hizi hukatwa kodi kwa hivyo usishtuke ukiona imepungua, bora hesabu iwe imeandikwa kipengele kwa kipengele. Lakini uone vile hiyo 150,000 iko mbali, na bado hatujafungua mkataba wa yunioni na kampuni, ambao mara nyingi huwa na siku zaidi ya 15 na sheria inasema mtu wa redundansi asipewe chini ya ule mkataba. Muulize mwakilishi wenu wa yunioni nakala leo, sio wiki ijayo.

Na usikubali kuambiwa kampuni imefilisika kwa hivyo kifungu cha 40 hakiwahusu. Ufilisi una utaratibu wake tofauti, ndio, lakini kampuni inayohamisha mashini kwenda nchi ingine na kuendelea kuuza bidhaa hapa haijafilisika.

Kusanya karatasi zako sasa kabla geti halijafungwa: barua ya kuajiriwa, peislipu, barua za kupandishwa mshahara, rekodi ya livu, hata picha ya tangazo walilobandika ukutani. Ukitoka dai cheti cha utumishi, ni haki yako chini ya kifungu cha 51 hata kama mmekosana. Wakikataa kulipa vizuri nenda ofisi ya leba hapo Nakuru, na usikae, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanapelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3, na kortini mwisho ni miaka 3. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Nakuru na iko Kisumu pia, hakuna haja ya kupanda gari mpaka Nairobi. Ikionekana uliachishwa kinyume cha sheria, korti inaweza kuongeza fidia hadi mshahara wa miezi 12.

Turudi kwa shemeji yako wa Ohio. Hakukudanganya hata kidogo. Mpango huo unaitwa Trade Adjustment Assistance, watu kule husema TAA, na ulianza 1962 wakati wa rais Kennedy, alipokuwa anataka kufungua milango ya biashara na nchi za nje na akakubali kwamba wale watakaoumia wasaidiwe. Sheria ya 1974 ndiyo iliyoupa umbo lililojulikana. Wafanyakazi 3 tu wa kiwanda wangeweza kujaza fomu, ama yunioni yao, ama kampuni yenyewe, wakaipeleka kwa Wizara ya Leba kule Washington, na wizara ilikuwa na siku 40 kuchunguza kama kweli kazi zimepotea kwa sababu ya bidhaa za nje ama kwa sababu uzalishaji umehamishwa. Ikikubali, kundi zima la kiwanda kile linafunguliwa mlango, halafu kila mmoja anaenda ofisi ya jimbo lake. Huko analipiwa masomo, na malipo ya kila wiki yanaendelea hata baada ya bima ya kukosa kazi kuisha, jumla yote hadi wiki 130 mtu akiwa bado anasoma. Anayetafuta kazi mbali alirudishiwa sehemu ya nauli, anayehamia mji mwingine alisaidiwa kuhama.

Kenya hatuna kitu kama hicho. Hatuna hata bima ya kukosa kazi kama ya kwao. Serikali yetu inamwachia mwajiri jukumu lote, akulipe zile siku 15 na mkwaruzane huko, halafu kutoka hapo uko peke yako. Mimi hilo naliona ni pengo kubwa na nitalisema tena kwenye barua ya mwisho hapo chini. Watu wa Nakuru hawahitaji kuelezewa maana yake, Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri hapa 2014 na betri zikaanza kutoka Misri, na mwaka huohuo Cadbury ikasimamisha utengenezaji Nairobi na bidhaa zake zikawa zinatoka Misri pia. Misri na Kenya ziko pamoja kwa soko huria la COMESA tangu 2000, bidhaa inaingia bila ushuru, kwa hivyo kwa kampuni yenye kiwanda kikubwa kule hesabu ni rahisi. Mkataba ulisainiwa na serikali, faida ya bei ikaenda kwa wanunuzi na kampuni, na gharama ikaangukia nyumba za watu wa Kaptembwo, Rhonda na Bondeni. Serikali iliyosaini haiwezi kusema haijui.

Ila usione kama Marekani ilikuwa peponi. Baada ya sheria ya 1962 hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa mpaka 1969, masharti yalikuwa magumu hivyo. Na mpango wenyewe saa hii umesimama, soma barua inayofuata.

SWALI: Mjomba, dada yangu mkubwa aliolewa Indiana, alikuwa anafanya kwa kiwanda cha viti vya magari na 2021 laini yao ikapelekwa Mexico. Yeye hakujua mambo ya msaada, alichukua ile bima ya kukosa kazi ikaisha akaingia kazi ya usiku kwa ghala. Juzi rafiki yake akamwambia kuna pesa za serikali za watu kama yeye. Nimeahidi kumuulizia, na mama huku nyumbani anaomba kila siku mambo yake yanyooke. Bado anaweza? – Nyar Nam, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mwambie dada jibu linategemea kama kiwanda chao kiliwahi kuidhinishwa au la. Bunge la Marekani halikuongeza muda wa TAA, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 wizara haipokei maombi mapya wala haiamui yale yaliyokuwa yanangoja. Maombi yaliyobaki mezani siku ile yamekaa hapo mpaka bunge liamke, na hilo kwangu ni jambo la kusikitisha sana juu wale watu walifanya kila kitu walichoambiwa wafanye.

Lakini ikiwa mtu mwingine, yunioni ama kampuni yenyewe ilikuwa imepeleka ombi mapema na likakubaliwa kabla ya tarehe hiyo, na dada aliachishwa ndani ya kipindi kilichoandikwa kwenye idhini, basi bado anaweza kuwa na haki ya baadhi ya huduma hata kama hakuwahi kujaza fomu yake mwenyewe. Idhini ilikuwa ya kundi, ndiyo maana watu wengi walifunikwa bila wao kujua. Aende ofisi inayoitwa American Job Center iliyo karibu naye, ziko kila jimbo, awe na jina kamili la kampuni, mahali kiwanda kilipokuwa na tarehe ya siku yake ya mwisho, aulize kama kuna idhini ya TAA inayomgusa. Malipo mengine yalikuwa na tarehe za mwisho, mfano kujiandikisha kwa masomo ndani ya wiki 26, kwa hivyo asiende akitarajia kila kitu, aende akauliza kipi kimebaki.

Ikiwa hakuna idhini, kuna mpango mwingine wa sheria ya 2014 wanaouita WIOA, una sehemu ya wafanyakazi waliopoteza kazi bila kosa lao, unaweza kulipia kozi na kumsaidia kutafuta kazi. Pesa zake ni za kugawanywa na watu wengi na haziji na malipo ya kila wiki ya muda mrefu kama TAA, lakini ofisi ni ileile na safari ni moja, bas aulize yote mawili pamoja.

Na kwa walio na ndugu kule ambao bado wako kazini na wanasikia fununu: sheria yao ya WARN ya 1988 inataka kampuni yenye wafanyakazi 100 na zaidi itoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda. Wasikie hilo mapema, sio baada.

SWALI: Sisi ni vibarua wa kiwanda Kisumu, mimi niko mwaka wa 4 sasa, nalipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa na ajenti, sio kampuni. Kila asubuhi tunaingia geti moja na walioandikwa, tunavaa aproni moja, supavaiza ni mmoja. Sasa wanasema mashini mbili zinapelekwa nje na sisi vibarua ndo wa kwanza kuenda, bila chochote, eti kibarua hana redundansi. Ni kweli? – Wa Obunga

JIBU: Sio kweli hivyo, na naomba mlisome hili mkiwa wengi.

Kibarua kwa sheria ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na hajaajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Ukifanya mfululizo siku zinazotimiza mwezi mmoja au zaidi, ama ukifanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha ndani ya miezi 3, kifungu cha 37 kinakuhamisha, unakuwa mfanyakazi wa mwezi na notisi inakuhusu. Wewe uko mwaka wa 4. Kuitwa kibarua kila asubuhi hakufuti miaka yako, na ukishakuwa mfanyakazi wa kawaida basi kifungu cha 40 nilichomweleza yule baba wa Kaptembwo kinakuhusu na wewe, siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Shida yako kubwa itakuwa mbili. Ya kwanza ni mapengo, manake wajanja huwapumzisha watu wiki moja hapa wiki mbili pale ili waseme kazi haikuwa mfululizo, na hapo ndipo wengi hukwama. Ya pili ni swali la nani mwajiri wako, ajenti ama kiwanda. Kuajiri kupitia ajenti sio kosa kisheria, lakini korti huangalia nani alikuwa anakuamrisha, nani alipanga zamu, nani alikufuta. Ukipeleka malalamiko taja wote wawili, waachie wao waelezane unamdai nani.

Ushahidi wako uko kwa simu. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miaka hiyo 4, zile Jumamosi zote zitaonekana pale zikiwa na jina la aliyetuma, na zitajibu pia hilo swali la mapengo. Angalia akaunti yako ya NSSF jina la mwajiri lililoandikwa ni la nani na kama makato yalifika kweli. Usifute meseji za zamu za WhatsApp. Pasi ya geti, picha mkiwa na aproni, kila kitu. Na ukisikia waseme huna kandarasi ya maandishi kwa hivyo huna kesi, ujue kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri ndiye aonyeshe masharti ya kazi, asipokuwa na maandishi mzigo wa kuthibitisha unamrudia yeye.

Nendeni ofisi ya leba Kisumu mkiwa kikundi. Mmoja akienda anaonekana ni mgomvi, ishirini wakienda na taarifa za M-Pesa zinazofanana jambo linakuwa lingine kabisa.

SWALI: Mjomba mimi nina miaka 52, miaka 24 nimekuwa kwa cherehani za kiwanda na ninajua kuzirekebisha pia ingawa sina cheti cha hiyo kazi. Tumelipwa vizuri, hilo nashukuru Mungu. Watoto wananiambia nirudi shule nisome kompyuta, bwanangu anasema tuweke yote kwa kuku wa mayai, na Sacco inanidai. Nimechanganyikiwa. – Mama wa Cherehani, Lanet

JIBU: Pole mama, na hongera kwa miaka 24. Barua yako imenigusa kuliko zote kwa sababu mtu wa miaka 52 ndiye sera nyingi za serikali humsahau, mzee sana kwa mfuko wa vijana na mdogo sana kwa pesa za wazee.

Marekani walilifikiria hili. Ndani ya TAA palikuwa na sehemu ya waliofika miaka 50: ukipata kazi mpya yenye mshahara wa chini kuliko wa kwanza, serikali inakufidia nusu ya ile tofauti, kwa muda wa hadi miaka 2 na jumla isiyozidi dola 10,000, mradi mshahara mpya hauzidi dola 50,000 kwa mwaka. Hawakumlazimisha mama wa miaka 55 kukaa darasani na watoto, walimwambia chukua kazi iliyoko tutajazia. Hiyo kwangu ndiyo ilikuwa sehemu yenye busara zaidi ya mpango wote na ndiyo ningependa ikopwe kwanza.

Kuhusu shule, nikuambie ukweli wa walichojifunza wao. Tathmini kubwa iliyotoka 2012 ilionyesha walioingia TAA, kwa ile miaka 4 ya kwanza, walipata pesa kidogo kuliko wenzao waliopoteza kazi wakaingia kazi yoyote haraka, na ni rahisi kuona kwa nini, ukiwa darasani hauko kazini. Halafu mtafiti Benjamin Hyman, 2018, akaangalia kwa muda mrefu zaidi, miaka 10, akakuta waliopata masomo walikuwa wamepata kwa jumla takriban dola 50,000 zaidi ya wale ambao maombi yao yalikataliwa. Kwa hivyo shule inalipa, ila inalipa polepole na inataka miaka ya kuvuna. Kijana wa 28 ningemwambia asome leo. Wewe mama, kompyuta kutoka sufuri sio njia yako fupi.

Njia yako fupi ni kile unachokijua tayari. Nenda ukafanye mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3 kwanza halafu ya 2 na ya 1, iko ya ushonaji na iko ya mafundi wa mashini mbalimbali, na hauhitaji kuwa ulipitia chuo, mtu aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kujiandikisha. NITA ina kituo Kisumu lakini mitihani hufanyika katika vituo vingi, uliza chuo cha ufundi kilicho karibu na wewe Nakuru. Uliza pia habari ya utambuzi wa ujuzi wa awali, ni utaratibu wa serikali wa kumpa cheti mtu ambaye ujuzi anao lakini karatasi hana. Fundi wa cherehani za kiwanda mwenye cheti anaitwa na shule, na karakana za yunifomu, na vyuo, na mafundi wa soko wote ambao mashini zao zikiharibika leo hawajui wampigie nani. Miaka 24 ya mikono yako ni mtaji, kuku ni kitu mtu mwingine anakijua.

Sijakataa kuku. Nakataa neno yote. Anza na wachache mwaka wa kwanza mjifunze bei ya chakula na magonjwa kwa pesa ambayo ikipotea mtalala usingizi.

Sacco nenda wewe kabla wao hawajaja. Mshahara ukisimama makato yanasimama lakini mkopo hausimami, na waliokudhamini ni wenzako waliofutwa na wewe. Uliza deni lililobaki ukitoa akiba yako ni ngapi, wakupangie upya ulipe kidogo kidogo ama ulipunguze mara moja.

NSSF unaweza kuulizia sasa, mtu aliyestaafu mapema kuanzia miaka 50 anaruhusiwa kudai, sio lazima ungoje 60. Na tafadhali usisahau SHA, ile bima ya afya ya serikali, mwajiri akiacha kukata ile asilimia 2.75 kinga yako haiendelei yenyewe. Piga *147# ubadilishe ujisajili kama mtu asiye na mshahara, watakadiria mapato ya nyumba yenu, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi na hulipwa ya mwaka. Lipa hiyo kabla ya kununua hata kifaranga kimoja, ugonjwa mmoja wa hospitali unaweza kumaliza kiinua mgongo chote na nimeona nyumba zikienda hivyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Eldoret, baba alifutwa kiwanda kilipohama. Kila mtu analaumu kampuni. Swali langu ni je, serikali inaweza kufanya nini haswa, na sisi tuiambie vipi? – Kijana wa Langas

JIBU: Kulazimisha kampuni ibaki ni ngumu, na sitakudanganya kwamba kila kiwanda kilichokufa huku kwetu kiliuawa na mkataba wa biashara, kule Kisumu kiwanda cha nguo cha KICOMI kilipokufa miaka ya 90 mitumba ilichangia lakini usimamizi pia. Kile ambacho serikali inaweza ni kutenga mfuko wa wafanyakazi, wenye sheria yake, ili mikataba inaposainiwa, wanaoumia nao wawe wameandikwa ndani.

Na pesa za kuanzia zipo karibu kuliko watu wanavyofikiria. Kila mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaenda NITA, na mwajiri akifundisha watu wake anaweza kurudishiwa. Baba yako alilipiwa ile 50 miaka yote aliyofanya kazi, lakini siku aliyotoka ule mlango wa mafunzo ulifungwa kwake, juu anayefaidi ni aliye kazini. Kwa nini sehemu ya pesa hizo isimfuate aliyefutwa kwa mwaka mmoja au miwili? Hilo ni badiliko dogo la sheria na mimi nalitaka kwa moyo wangu wote.

Kuna pia mfuko wa marekebisho wa AfCFTA, lile soko huria la Afrika lililoanza biashara Januari 2021. Umeundwa na sekretarieti yake pamoja na Afreximbank, makao Kigali, na unalenga kusaidia nchi na kampuni zizoee soko jipya. Nchi na kampuni. Mfanyakazi mmoja mmoja hana dirisha pale, na wawakilishi wetu wanaoenda kwenye hiyo mikutano wanapaswa kuulizwa kwa nini. Ulaya wanalo dirisha hilo, mfuko wao ulianza kufanya kazi 2007. Dell ilipohamisha utengenezaji kutoka Limerick kule Ireland kwenda Łódź, Poland, 2009, mfuko ulitoa karibu yuro milioni 14.8 za masomo na ushauri kwa waliofutwa, na tangu 2021 kiwanda kikifuta watu 200 nchi inaweza kuomba. Wale walihamishiana kazi ndani ya soko moja, kama sisi na Misri ndani ya COMESA.

Namna ya kuwaambia iko kwa Katiba, ibara ya 119, kila mtu ana haki ya kupeleka ombi bungeni, na bunge la kaunti pia hupokea. Haihitaji wakili. Unaandika kwa Kiswahili ama Kiingereza, kwa mkono ama kwa kuchapa, kwa lugha ya heshima, unaeleza shida ni gani, mlifanya nini kutafuta suluhisho kabla, kama jambo liko kortini au la, na mwishoni unasema waziwazi mnataka bunge lifanye nini. Majina, anwani na sahihi zenu chini. Unampelekea karani wa bunge ama unampa mbunge wenu awasilishe kwa niaba yenu, na likishapokelewa linapelekwa kwa kamati. Anza na baba yako na wenzake wa zamu, wao wanazo tarehe na idadi ya waliofutwa, na kwenye ile sehemu ya mnachotaka andikeni moja kwa moja habari ya ile shilingi 50.